Hasira ya Mwili na Tunda la Kiasi

Huku Mbwawa, kama ilivyo kwingi katika Kibaha na Kisarawe, msimu wa korosho tunautambua mikononi mwa watu. Anayebangua huchoma korosho kwenye kipande cha debe juu ya moto, kisha huzipasua moja moja, na vidole vyake huwa vyeusi na kuchubuka. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda ni makali, nayo huunguza ngozi hapo hapo. Lakini wapo wanaopata kidonda cha pili, ambacho huja kwa kuchelewa. Mtu ameshanawa, ameshalala, na kesho yake au keshokutwa mikono inavimba, inakuwa myekundu na ya moto, inawasha asipate usingizi, kisha malengelenge yanatoka. Watoto wengine hupata vipele vya namna hiyo kuzunguka midomo kwa sababu ya utomvu wa embe, maana mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja.

Kidonda hiki cha pili ndicho kilichotufanya tuandike. Mafuta yalikwisha kuoshwa. Anayeichoma ngozi sasa ni mwenye ngozi mwenyewe. Ni askari wa mwili wake waliosikia kwamba adui ameingia, wakaja mbio, wakapiga, na katika kupiga wakaiumiza nyumba waliyotumwa kuilinda. Wataalamu wa tiba huiita hali hiyo inflamesheni. Sisi tunaweza kuiita hasira ya mwili.

Swali letu basi ni hili: je, hasira ya mtu mwema ni sehemu ya afya yake, au ni ugonjwa? Katika makanisa yetu tumezoea kusikia majibu mawili. La kwanza husema Mkristo hapaswi kukasirika. Ameze yote, anyamaze, amwachie Mungu. La pili husema kuna hasira takatifu, na hapo hutajwa Bwana wetu alipopindua meza hekaluni. Kila jibu lina maandiko yake, na kila jibu limewahi kutumika kufunika uovu. Kwa la kwanza wanyonge wameambiwa wavumilie kisichovumilika. Kwa la pili damu imemwagwa na waliomwaga wakajiona wamemtumikia Mungu. Mtume Paulo alipowaandikia Waefeso hakuchagua upande mmoja. Alikubali kwamba watu watakasirika, akaiwekea hasira hiyo mpaka: isizae dhambi, wala isilale na mtu hadi kesho. Tunataka kuutafakari mpaka huo, na tutaomba msaada wa ngozi.

Ngozi ni mpaka wa mwili, na kama mipaka yote ina walinzi. Ndani yake zimo seli zenye matawi membamba ambazo kazi yake ni kuokota kila kigeni na kukipeleka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mtoki. Huko kuna seli nyeupe za damu ziitwazo seli za T. Juu ya kila moja vimejipanga vipokezi, navyo ni kama matundu ya kufuli: kila seli ina umbo lake, na ufunguo usiolingana na umbo hilo haufungui kitu. Mara ya kwanza mtu anapogusa mafuta ya korosho, mara nyingi haoni uvimbe huu wa kuchelewa. Mwili unajifunza. Seli chache ambazo vipokezi vyake vinalingana na kigeni hicho huzaana, na baada ya wiki moja au mbili zimekuwa jeshi. Mtu huyo akigusa tena, jeshi linajua njia.

Hapa pana jambo la kwanza la kutuamsha. Kipokezi kimoja hakitoshi kuiingiza seli changa ya T vitani. Hata kama ufunguo umeingia sawasawa, seli hiyo hungoja ishara ya pili kupitia kipokezi kingine kiitwacho CD28. Ishara hiyo hutolewa na yule mlinzi mwenye matawi, naye huitoa kwa nguvu pale tu ambapo yeye mwenyewe ameonja dalili za hatari ya kweli, kama vile seli zilizojeruhiwa au alama za vijidudu. Ishara ya kwanza ikija peke yake, seli ya T haipigani. Hupoa, ikawa kama iliyokufa ganzi.

Msomaji wa Biblia hawezi kulipita jambo hili bila kukumbuka Kumbukumbu la Torati sura ya 19, inayokataa mtu ahukumiwe kwa kinywa cha shahidi mmoja na kutaka wawili au watatu. Bwana Yesu aliirudia kanuni hiyo katika Mathayo sura ya 18, aliposema juu ya ndugu aliyekosa. Hatusemi kwamba seli zimesoma Torati. Tunasema kwamba kila kitu chenye nguvu ya kuua kinahitaji kizuizi cha namna hii, kiwe mwili, kijiji au kanisa. Uwezo wa kumtambua adui si ruhusa ya kumpiga. Kati ya kutambua na kupiga lazima pawe na mtu wa pili anayeulizwa: je, wewe nawe umeona?

Tunajua kinachotokea mtu wa pili asipoulizwa. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watumishi watatu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Selian ya Arusha waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu, wale ambao watu wa pwani tangu zamani tumewaita mumiani. Yowe lilipigwa, na watu wakaja mbio kama watu wanaolinda watoto wao. Hilo la mwisho ndilo linalotisha. Kama wangekuja kama majambazi tungesema hawa ni waovu, sisi si kama wao. Walikuja kama walinzi. Wakawaua wageni waliokuwa wamekuja kwa ajili ya udongo unaowalisha.

Magazeti yetu yana maneno maalumu kwa watu wa namna hiyo: wananchi wenye hasira kali. Tumeyasoma mara nyingi hata hayatushtui. Kijana amepigwa na kuchomwa moto kwa tuhuma ya kuiba kuku au pikipiki, na habari inaandikwa kama habari ya mvua, kana kwamba hasira kali ni kitu kinachojinyeshea chenyewe wala hakuna aliyekirusha. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi anaitwa mchawi. Shahidi ni mmoja, naye ni hofu.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Mwili hauishii kuweka sharti la kuanza vita. Umeweka pia vipokezi vya kuisimamisha, na umeviweka juu ya seli ile ile inayopigana. Kimoja kinaitwa CTLA-4. Hiki hushindana na CD28: hushika ishara ile ile ya kuchochea, lakini hukishika kwa nguvu zaidi kile kinachoitoa, na badala ya kuongeza moto hupunguza. Kingine kinaitwa PD-1. Seli ya T iliyotulia haina PD-1 nyingi. Inapoamka na kuanza kupigana, hapo ndipo huitoa juu ya uso wake. Maana yake ni kwamba hasira na breki yake huzaliwa pamoja. Seli inayoanza kuwa ya hatari inaanza saa hiyo hiyo kujiwekea mahali pa kushikwa mkono.

Na nani huishika mkono? Hapa ndipo tunapostaajabu. Miongoni mwa wanaoishika ni seli za ngozi yenyewe. Ngozi inapopigwa na vita hivyo, seli zake zinaweza kutoa juu yake kile kinachoingia katika PD-1, na kwa kugusa huko seli ya T hupunguza makali. Aliyeumizwa na mapigano ndiye anayenyoosha mkono na kusema: imetosha, adui amekwisha, sasa mnanichoma mimi. Si kila mara anasikilizwa. Kuna magonjwa ya ngozi yanayodumu miaka kwa sababu breki hizi ni dhaifu au moto umezizidi. Lakini mtu anapopona, mkono huo ni mmojawapo wa waliomponya.

Katika 1 Samweli sura ya 25 tunamsoma mwanamke aliyefanya kazi hiyo. Daudi alikuwa ametukanwa na Nabali, mtu ambaye wachungaji wake yeye na vijana wake waliwalinda bila malipo. Hasira yake ilikuwa na sababu. Alikwishawafunga watu kama 400 panga viunoni, akaapa kwamba asubuhi haitamkuta mwanamume yeyote hai nyumbani kwa Nabali. Abigaili, mke wa Nabali, alipakia mikate, divai na nyama juu ya punda, akamwendea njiani, akashuka na kuinama mbele yake. Hakumwambia Daudi kwamba hakutukanwa, wala hakumtetea mumewe. Alimkumbusha yeye ni nani mbele za Mungu, na jinsi damu hiyo itakavyomlemea moyo siku atakapokuwa mfalme. Daudi akamshukuru Mungu kwa kumtuma mwanamke huyo, akarudi.

Kwa kawaida tukisoma habari hii tunamsifu Abigaili, na ni haki yake. Lakini tumtazame Daudi pia. Angeweza kumpita. Alikuwa na watu 400 nyuma yake wanaomtazama, na mwanaume akishaapa mbele ya watu wake huona aibu kurudi. Ndani yake palikuwa na mahali ambapo neno la Abigaili liliweza kuingia na kushika. Sauli naye alizungumziwa na wengi, akiwemo mwanawe Yonathani, akalainika kwa muda na kisha akarudia yale yale, hata mwishoni hakusikia tena. Breki ni vitu viwili: mtu wa kunyoosha mkono, na moyo wenye pa kushikwa. Paulo katika barua kwa Wagalatia anakiita kitu hicho kiasi, akakiweka mwisho wa orodha ya matunda ya Roho. Mara nyingi tunahubiri kiasi kama habari ya pombe na chakula. Tunadhani ni kikubwa kuliko hapo. Kiasi ni hali ya mtu mwenye nguvu anayeweza kusimamishwa.

Tuongeze shahidi mwingine kutoka maabara. Katika miaka ya 1940, huko Oak Ridge, Marekani, panya fulani dume walizaliwa wenye ngozi ya magamba, wakafa baada ya wiki chache. Ilichukua miongo mingi kujua kwamba hapakuwa na kijidudu kilichowaua. Walikufa kwa askari wao wenyewe. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa ziko seli za T ambazo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walieleza kasoro ya panya wale, katika jeni iitwayo Foxp3, na baadaye ikajulikana kwamba jeni hiyo ndiyo inayoziongoza seli hizo za kutuliza. Wapo pia watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro kama hiyo, nao hupata ukurutu mkali wa ngozi pamoja na kuharibika kwa viungo vya ndani. Kwa ugunduzi huo watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Fundisho ni wazi: mwili usio na wapatanishi hauwi mwili shujaa. Hufa mapema, na ngozi ndiyo hutangulia kusema.

Liko na suala la kumbukumbu. Vita vya ngozi vikiisha, baadhi ya seli za T hubaki mahali pale pale kwa miezi na miaka. Ndiyo maana kuna magonjwa ya ngozi yanayorudi kwenye kiwiko kile kile au goti lile lile. Kwa macho ngozi imepona, lakini chini yake wapo wanaokumbuka. Kumbukumbu hiyo ni zawadi, maana kijidudu kilekile kikirudi kitakutana na wanaokijua. Lakini bila kizuizi huwa ndicho kile ambacho Kiswahili kinakiita kinyongo. Huku kwetu ambako jiji limetufuata na ardhi imepanda bei, tunazijua familia ambazo hazisalimiani kwa ajili ya kiwanja kilichouzwa mara mbili au mpaka uliosogezwa. Kesi imekwisha, waliogombana wamezikwa, na wajukuu bado wanawaka mahali pale pale. Kusamehe hakumfanyi mtu asahau mpaka wake. Kunamwondolea ulazima wa kuwaka kila anapoguswa.

Hapa msomaji makini atatupinga, na tunampa nafasi. Atasema: mmesifu breki mno. Je, hamwoni kwamba Tanzania yetu ina watu wengi wanaoumia kwa sababu ya upole wa majirani kuliko kwa sababu ya hasira yao? Ni pingamizi la kweli, na ngozi inalikubali. Ukoma, ugonjwa ambao Biblia imetuzoesha kuutaja, una sura mbili. Mwili wa mgonjwa ukipambana kwa nguvu, vijidudu huwa vichache na mabaka machache, ingawa mishipa ya fahamu huweza kuumia katika mapambano hayo. Seli za T zisipoamka, vijidudu huzaana kwa mamilioni na kuenea ngozi nzima, na mwili uko kimya. Ukimya ule si amani. Ashukuriwe Mungu kwamba leo ukoma unatibika kwa dawa za mchanganyiko zinazotolewa bure. Lakini sura ile ya pili inabaki kuwa onyo.

Saratani inafundisha jambo baya zaidi. Uvimbe wa saratani mara nyingi huvaa juu yake mkono ule ule ambao ngozi iliyojeruhiwa huunyoosha. Seli ya T inafika, inamtambua adui, iko tayari kupiga, na saratani inaigusa PD-1 yake na kuipoza. Mharibifu amejifunza lugha ya mjeruhiwa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba mkono huo wa uongo unaweza kuzuiwa, breki zikaachiwa, na mwili ukaipiga saratani.

Sasa tuseme wazi kile tunachokijua. Mtoto anaharibiwa na ndugu wa karibu au na mtu anayeheshimika. Mama anajua. Kikao cha ukoo kinaitwa, wakati mwingine na mtu wa kanisa yumo. Linatafutwa neno tamu: tuyamalize nyumbani, tusimwaibishe baba, Mungu ni wa msamaha. Fedha kidogo zinatolewa au mbuzi, na mtoto anaambiwa anyamaze. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi yetu inaweka adhabu kali kwa makosa hayo, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Lakini faili halifunguliwi kwa sababu msamaha umetangulia kulifunga. Msamaha huo ni ule mkono wa saratani. Maneno ni ya Injili, aliyeyanyoosha ni mharibifu.

Basi tutautambuaje mkono wa kweli na wa uongo, ikiwa vinafanana kiasi hicho? Tunapendekeza maswali mawili. La kwanza: nani anaomba tusimame? Anayeomba akiwa ndiye anayeumia, kama ngozi inayochomwa au kama Abigaili ambaye nyumba yake nzima ingeangamia, tusimame na kusikiliza. Anayeomba akiwa ndiye aliyejeruhi, au mtu anayenufaika na ukimya, tusisimame kwa neno lake. La pili: baada ya kusimama, nini kinafuata? Baada ya breki ya kweli, jeraha hufunga na kiungo hurudi kazini. Baada ya breki ya uongo, kidonda hukua gizani na kutafuta mtoto mwingine. Kisha tukumbuke kwamba hata breki inayoachiwa kwa haki ina gharama. Wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa hizo mara nyingi hutoka vipele na kuvimba ngozi, na wengine huumia matumbo, kwa sababu askari walioachiwa hawachagui sana. Kwa hiyo daktari huwasimamia kwa karibu. Nasi tukiamua kumfikisha mharibifu mahakamani tusiachie tena kundi la watu lichome nyumba yake yenye watoto ndani. Haki inayofuata sheria hujitofautisha na yowe kwa kukubali kusimamiwa.

Mfano wa magugu katika Mathayo sura ya 13 unasimama hapa. Watumwa walitaka kuyang'oa mara moja, na mwenye shamba akawazuia, kwa kuwa wangeing'oa na ngano. Hakusema magugu ni ngano, wala hakusema hayatachomwa. Alisema mikono yenu, kwa sasa, haiwezi kutofautisha vya kutosha. Ni neno juu ya mipaka ya mikono yetu. Lakini mfano huo hauwaruhusu wazazi kumwacha chui zizini kwa kisingizio cha mavuno ya mwisho. Mwenye shamba alizuia kung'oa, hakuzuia kulinda.

Tuweke pia mpaka kwenye ulinganisho wetu wenyewe. Seli haina dhamiri. Haichagui wema, haitubu, wala haitahukumiwa. Mwenye ukurutu, mwenye pumu ya ngozi au mwenye mikono iliyovimba kwa korosho hana hasira mbaya moyoni zaidi ya jirani yake, na asije mtu akamwambia kwamba amelogwa au amelipwa dhambi zake. Wanafunzi walimuuliza Bwana juu ya kipofu, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Naye, katika Yohana sura ya 9, alikataa majibu yote mawili. Mgonjwa wa ngozi anahitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali, si kukwepwa kwenye benchi la ibada. Tulichochukua kwenye ngozi ni kioo tu. Lakini kioo chema husaidia, na Paulo mwenyewe alipotaka kuwaeleza Wakorintho maana ya kanisa aliwapa mwili: kiungo kimoja kikiumia, vyote vinaumia.

Tunajibu swali letu, basi. Hasira ya mtu mwema ni sehemu ya afya yake, kwa sharti la kwamba inaweza kusimamishwa na kwamba anajua ni nani mwenye haki ya kuisimamisha. Bila hasira tunakuwa mwili wa ukoma ulionyamaza. Bila breki tunakuwa panya wa Oak Ridge. Na breki haitengenezwi siku ya ghadhabu. Kuku akishaibiwa na yowe likishapigwa, tumechelewa kuanza kutafuta nani atasimama katikati.

Kwa hiyo tuombe, na tupange. Katika kila jumuiya tuwe tumekubaliana mapema kwamba likisikika yowe, wawili au watatu wanaojulikana kwa majina watakimbilia kwa mtuhumiwa kumzunguka, na mwingine atampigia simu mwenyekiti wa mtaa na polisi. Tufundishe vijana wetu kwamba anayemkinga mwizi asiuawe si mwenzake mwizi. Tukubaliane vilevile kwamba habari ya mtoto aliyeharibiwa haitaingia kwenye kikao cha ukoo kabla haijafika kwenye dawati la polisi na hospitalini, hata kama aliyetajwa ni mzee wa kanisa. Na kila mmoja wetu ajichagulie sasa, akiwa ametulia, mtu mmoja ambaye neno lake litamshika hata akiwa amekasirika kwa haki. Amwendee, amwambie: siku ukiniona nimefunga upanga, nakuomba uje njiani. Kisha siku hiyo ikifika, asimpite.